Herufi za Kiarabu katika Kiswahili cha Unguja: Toka Kalamu ya Mwanzi hata Kompyuta

Mtu asimamaye katika bustani ya Forodhani, ameuelekea mji, huona mbele yake maandishi ya namna mbili. Vibao vya njia, vya hoteli na vya maduka vimeandikwa kwa herufi za Kirumi, na kila mtoto aliyekwenda shule aweza kuvisoma. Lakini juu ya milango ya kale iliyochongwa, katika vichochoro vya nyuma ya Ngome Kongwe, mna maandishi ya herufi za Kiarabu: aya za Kurani, dua, pengine jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria. Zamani palikuwa na maandishi ya tatu pia. Forodha yenyewe, iliyoupa mtaa huu jina lake, ilikodishwa kwa miaka mingi ya karne ya 19 kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na wafanyabiashara wa Kihindi waliweka hesabu zao kwa herufi za Kigujarati. Katika hayo matatu, yale ya Kirumi ndiyo yaliyofika mwisho, na ndiyo yaliyobaki mikononi mwa watu.

Mara nyingi husemwa kwamba herufi za Kiarabu ziliachwa kwa sababu hazikukifaa Kiswahili. Neno hilo lina nusu ya ukweli tu.

Ukale wa maandishi haya hauna shaka. Hati za Kiswahili za zamani kupita zote zinazojulikana kusalia ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Zilisalimika kwa kuwa zilifika mikononi mwa Wareno, zikawekwa katika nyaraka zao huko Goa, Bara Hindi. Lau zingebaki pwani, pengine mchwa na unyevu vingekwisha kuzila. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate katika mwaka unaolingana na 1728. Na mashairi mengi ya Lamu, Pate na Mombasa yalivuka karne kwa kunakiliwa vivyo hivyo, mwandishi baada ya mwandishi, kwa kalamu ya mwanzi na wino.

Kasoro yake inajulikana. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, nazo ni fatha, kasra na dhumma, na Kiswahili kina irabu tano. Basi kasra moja ilitumika kwa i na e, na dhumma moja kwa u na o. Sauti za p, v, ch, g, ny na ng' hazina herufi zake katika Kiarabu, na mwandishi alichukua herufi iliyo jirani. Hata m na n zinazotangulia herufi nyingine mara nyingi ziliachwa. Hivyo neno lenye bee mbili, kila moja na fatha yake, laweza kusomwa baba, papa au pamba. Aliyeagiza kwa waraka kwamba mtu afue nguo angeweza kusomwa kwamba mtu avue nguo, nayo si amri moja.

Hata hivyo watu waliandikiana, wakafanya biashara, wakaoa, wakagombana na kupatana kwa nyaraka hizo. Msomaji alikijua Kiswahili, na kwa kawaida aliijua habari yenyewe kabla ya kuukunjua waraka. Katika ushairi, mizani na vina vilimwongoza. Maandishi haya, kwa kifupi, hayakukusudiwa kumfundisha mgeni lugha. Yalikusudiwa kumkumbusha mwenyeji.

Mageuzi yalikuja na matbaa, na hapa historia ya Unguja ina jambo lisilotazamwa vya kutosha. Ulipofika mwaka 1880, au karibu nao, mji huu ulikuwa na mitambo miwili ya kupiga chapa. Mmoja ulikuwa wa Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888. Mtambo huo ulikuwa na herufi za Kiarabu, na kazi yake kubwa ilikuwa vitabu vya Kiarabu, hasa vya fikihi ya Kiibadhi. Miongoni mwake ni Qamus al-Sharia, kitabu cha majuzuu mengi. Wa pili ulikuwa wa wamisionari wa Kiingereza wa UMCA waliofika Unguja mwaka 1864. Huko vijana waliokombolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kupanga herufi za risasi, na Askofu Edward Steere alisimamia uandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Agano Jipya la Kiswahili lilitoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake, na Biblia nzima mwaka 1891.

Basi, mtambo wenye herufi za Kiarabu ulishughulika na Kiarabu, na mtambo ulioshughulika na Kiswahili ulikuwa na herufi za Kirumi. Kiswahili cha herufi za Kiarabu kilianguka katikati. Haielekei kwamba Barghash alikidharau, maana ndicho alichokisema kila siku. Lakini kwa desturi ya wanavyuoni wa zama zake kitabu kilikuwa kitu cha Kiarabu, na Kiswahili kilikuwa cha mazungumzo, cha barua na cha mashairi. Kwa upande wa wamisionari palikuwa na nia iliyo wazi zaidi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alizipendelea herufi za Kirumi, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hofu kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango. Tena palikuwa na taabu ya kazi yenyewe: Kiarabu husomeka bila irabu, lakini Kiswahili kisichotiwa irabu ni fumbo, na kupanga alama juu na chini ya kila herufi ya risasi ni kazi ya kuchosha na ya gharama.

Matokeo yake yaonekana katika kitabu kimoja cha mji huu huu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, ambaye nyumba yake iko Shangani, mwendo mfupi kutoka Forodhani, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufa mwaka 1905. Aliandika kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode, aliyekuwa Unguja, ndiye aliyeyageuza maandishi yale kuwa ya herufi za Kirumi, nayo yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Katika miaka ya 1958 na 1959 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyachapisha tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, na wanafunzi wengi wameyajua kwa njia hiyo.

Lakini wanachokisoma wanafunzi hao ni usomaji wa Brode. Kila penye bee, Brode aliamua kama ni b au p. Kila penye dhumma, aliamua kama ni u au o. Kwa maneno ya kila siku uamuzi huo si mzito, kwa kuwa lugha yenyewe humsahihisha msomaji. Kwa majina ya watawala na vijiji vya Manyema na nchi za mto Kongo ni jambo jingine: hapo hapana lugha ya kumsaidia anayesoma, na jina likishawekwa kwa herufi za Kirumi huonekana limethibiti, hata kama lilikuwa na njia nne za kusomwa. Mwanahistoria atafutaye mahali fulani katika ramani hana budi kukumbuka kwamba baina yake na Tippu Tip amesimama mtu wa tatu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930 kusimamia tahajia na vitabu vya shule. Kiunguja kilipata ushindi, lakini kilishinda kikiwa kimevaa herufi za Kirumi. Taipureta za maofisi zikamaliza kazi. Hata Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, mwanachuoni aliyeelea katika Kiarabu, alipotoa tafsiri yake kamili ya Kurani mwaka 1969, Kiswahili chake kilichapishwa kwa herufi za Kirumi. Wasomaji aliowakusudia walikuwa wamekwisha kuhama.

Kompyuta imeleta hali mpya. Mashine hii haijui herufi. Yajua namba, na kila herufi hupewa namba yake. Mwanzoni kila kampuni na kila nchi ilikuwa na orodha yake, hata maandishi yaliyotoka kompyuta moja yakawa takataka katika nyingine. Mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ulikusudiwa kuipa kila herufi ya dunia namba moja isiyobadilika. Pee na chee za Waajemi ziliingia mapema, na fee ya nukta tatu vilevile, ambayo yafaa kwa v ya Kiswahili. Mwaka 2005 ziliongezwa alama kadhaa za irabu zilizotajwa kuwa ni za lugha za Afrika. Tena ile taabu ya kupanga fatha na kasra imeondoka: herufi hubadili umbo lake mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, na alama hukaa mahali pake, bila mkono wa mtu kugusa risasi.

Yafaa kulinganisha na kisiwa cha Bali, ambacho pwani yake ya kusini hupigwa na Bahari ya Hindi hii hii. Wabali wana herufi zao wenyewe, zilizochorwa kwa karne nyingi juu ya majani ya mtende yaitwayo lontar. Maktaba ya Gedong Kirtya katika mji wa Singaraja ilianzishwa kuyahifadhi mwaka 1928, mwaka ule ule wa mkutano wa Mombasa. Herufi hizo hazikuwamo katika orodha ya kompyuta mpaka zilipoombewa nafasi, zikaingizwa mwaka 2006. Wabali walihitaji nafasi, wakaipata. Waswahili waliikuta nafasi tayari, imetayarishwa na Waajemi, Wamalai na wengineo. Kilichokosekana kwao ni mapatano. Fee ya nukta tatu kwa Mmalai ni p, na kwa Mswahili ni v. Kompyuta haitaamua baina yao.

Mapatano yalijaribiwa zamani. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, na mmisionari William Taylor aliyesoma kwake, walishughulika na njia ya kuzitenga sauti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1997 Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walitoa mapendekezo ya tahajia kamili. Na mwaka 2015 Kevin Donnelly alitoa programu iitwayo Andika!, ya kuandikia Kiswahili cha herufi za Kiarabu katika kompyuta.

Atakayeitazama orodha hii ataona kwamba Unguja haimo. Sauti ya wenyeji ndani yake ni ya Mombasa. Omar na Frankl walisema wazi kwamba walijenga juu ya Kimvita, lahaja inayotenga t ya meno na t ya ufizi, Kiunguja hakizitengi. Mwandishi wa Unguja akiichukua tahajia ile itambidi aandike tofauti asiyoisikia, na akiiacha itambidi atunge yake. Hii ndiyo bei ya ushindi wa 1928: lahaja iliyopewa usanifu katika herufi za Kirumi haikupata mtu wa kuipigania katika zile za Kiarabu.

Wakati huo huo picha za hati zimeongezeka. Chuo cha SOAS cha London kina miswada iliyokusanywa na Taylor, William Hichens na wengine, na orodha yake imewekwa katika intaneti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo ambao J. W. T. Allen aliutolea orodha mwaka 1970. Hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu, nyingi zikiwa za Kiarabu, zimepigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza. Kilimani, Unguja, Nyaraka za Taifa zina barua na hati za masultani. Picha huokoa sura ya karatasi, na hilo si dogo katika mji ambao sehemu ya Beit al-Ajaib, nyumba ya mwaka 1883 itazamayo Forodhani, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini picha haitafutiki. Ili neno litafutwe sharti liandikwe upya herufi kwa herufi, na hapo swali la Brode hurudi: mwandishi wa kale alipoweka bee akikusudia p, je, kompyuta iwekewe bee aliyoiandika au pee aliyoikusudia? Akiwekewa pee, msomaji wa baadaye hatajua kwamba palikuwa na shaka. Njia iliyo salama ni kuweka yote mawili, maandishi kama yalivyo na usomaji kando yake, ijapokuwa kazi huwa maradufu. Atakayeona uvivu na akumbuke majina ya Manyema.

Wasomaji, ajabu ni kwamba, hawajatoweka. Vyuo vya Kurani viko kila mtaa wa Unguja, na watoto wajua fatha na kasra kabla ya kujua hesabu ya kugawanya. Tangu zamani chuo kilitilia mkazo kusoma. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba wasichana hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, Barghash alipofanya njama dhidi ya nduguye Majid, ujuzi huo ndio uliomfanya binti wa miaka 15 kuwa katibu wa wenye njama. Mtoto wa chuo cha leo, mvulana au msichana, akisimama chini ya mlango wa Shangani aweza kuzitaja herufi zote zilizochongwa juu yake. Apewapo waraka wa Kiswahili wa karne ya 19 husita mbele ya bee ya kwanza, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba yaweza kuwa pee.