Busha

Busha (wingi: mabusha, kitaalamu: hidroseli) ni hali ambapo majimaji hujikusanya katika utando unaozunguka korodani hadi mfuko wa korodani unavimba. Linaweza kumpata mtoto mchanga au mtu mzima, upande mmoja au pande zote mbili.

Maumbile
Korodani ni tezi mbili zinazotengeneza mbegu za kiume na homoni ya testosteroni. Hukaa nje ya fumbatio, katika mfuko wa ngozi uitwao pumbu, kwa sababu mbegu zinahitaji joto lililo chini kidogo ya lile la mwili. Nyuma ya kila korodani kuna epididimisi, mrija mwembamba uliojikunja ambamo mbegu hukomaa. Mbele na pembeni korodani imefunikwa na utando wenye matabaka mawili, na kati yake huwa na majimaji kidogo tu. Yakizidi, busha hutokea.

Sababu
Kabla ya kuzaliwa, korodani za mtoto hushuka kutoka fumbationi kupitia njia ambayo baadaye hujifunga. Isipofunga, majimaji hupita na kujaa chini. Kwa watoto wengi uvimbe huo huisha wenyewe kabla ya umri wa miaka miwili.

Kwa watu wazima busha huweza kutokana na jeraha, maambukizi au, mara chache, uvimbe wa kansa. Katika nchi za joto, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, sababu kubwa ni minyoo ya filaria, hasa Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huishi katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Ndiyo pia inayosababisha matende. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanaume milioni 25 wana busha kutokana na filaria.

Wapo wanaoamini kuwa busha huletwa na kunywa madafu mengi. Imani hiyo haina msingi wa kisayansi.

Kutofautisha na uvimbe mwingine
Kifuko cha epididimisi ni uvimbe mdogo wenye majimaji unaopapaswa juu au nyuma ya korodani, ukiwa umetengana nayo. Kwa kawaida hauumi wala hauhitaji tiba. Katika ngiri, sehemu ya utumbo hushuka hadi pumbuni, na mara nyingi uvimbe hupungua mgonjwa akilala. Mwanga wa tochi hupenya busha, lakini kwa kawaida haupenyi uvimbe mgumu. Kipimo cha altrasaundi huthibitisha.

Uvimbe mgumu ndani ya korodani unapaswa kuchunguzwa mapema, kwani unaweza kuwa kansa. Maumivu makali ya ghafla huweza kumaanisha korodani imejisokota. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, maana korodani hiyo inaweza kufa katika muda wa saa chache.

Tiba na kinga
Busha kubwa hutibiwa kwa upasuaji: majimaji hutolewa, kisha utando hukatwa au kugeuzwa ili yasijae tena. Kuyanyonya kwa sindano pekee hakutoshi, kwani mara nyingi hurudi, na sindano inaweza kuingiza vijidudu.

Dawa za minyoo zinazogawiwa kwa jamii nzima, kama ivermektini na albendazoli, hukata maambukizi lakini haziondoi busha lililokwisha kuwa kubwa. Kulala ndani ya chandarua na kuondoa mazalio ya mbu husaidia kujikinga.

Wagonjwa wengi huficha hali yao kwa aibu na kuchelewa kutibiwa, ingawa upasuaji wake ni wa kawaida na humwezesha mtu kurudi kazini.