Unga wa majani ya mlonge

Unga wa majani ya mlonge (Moringa oleifera) hupatikana kwa kuyakausha kivulini na kuyasaga. Takriban robo ya uzito wake ni protini. Una pia kalisi, potasiamu na chuma. Ukali wake ulimini, mfano wa figili, hutokana na glukosinoleti, ambazo kimeng'enya cha mirosinesi huzivunja jani linapopondwa. Joto ndilo adui wake mkubwa: vitamini C huharibika, na klorofili hupoteza magnesi, kijani kibichi kikafifia kuwa kahawia. Ukipashwa moto maabarani, maji hutoka kwanza, hadi karibu 100°C. Kuanzia takriban 200°C kampaundi za kaboni huvunjika, mwishowe hubaki majivu yenye madini. Ni heri kuunyunyiza kwenye uji ulioipuliwa kuliko kuuchemsha sufuriani.