Salongo ya Miti: Kazi ya Pamoja Uvira, Kati ya Lazima na Hiari

Hapa Uvira mtu akisema «Jumamosi kuna Salongo», kila mmoja anaelewa: majembe, mapanga, mifagio, watu inje. Vijana wengi wanafikiri ni desturi ya mababu. Sivyo. Neno ni la Kilingala, na lilitufikia wakati wa Mobutu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na nyimbo za chama cha MPR. Hata Jumamosi yenyewe wazee waliiita siku ya posho, juu ndiyo siku mfanya kazi alipewa chakula chake na mwajiri.

Mbele ya Mobutu kulikuwa Bula Matari. Ordonansi ya 1917 iliruhusu watu wa vijiji kushurutishwa mpaka siku 60 kwa mwaka kwa mazao ya lazima. Kisha, hasa miaka ya 1950, milima ya Kivu ikachimbwa mifereji ya kuzuia udongo. Asiyefika alilipa faini ao alifungwa. Baada ya 1960 mifereji mingi iliachwa ikajaa. Wengine wanasema ni uvivu wa mkulima, mimi sikubali. Mkulima hakuuchukia mfereji, alikuwa anachukia fimbo iliyokuja nao.

Kazi ya pamoja ya zamani ilikuwa ingine. Majirani walilimiana kwa zamu, mwenye shamba akatoa chakula na kasiksi. Lakini tuseme kweli: ilikuwa ya shamba na nyumba. Mlima wa wote haukuwa na zamu yake, juu miti ilikuwa ingali mingi.

Leo haiko hivyo. Mji wetu umebanwa kati ya Tanganyika na milima ya Mitumba, na nyumba zimepanda kwenye miteremko. Miti imekuwa makala. Mvua ikinyesha huko juu, hakuna cha kuishika. Inashuka na udongo na mawe mpaka katikati ya mji. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njiani mwake, ukaua makumi ya watu na kuharibu maelfu ya nyumba. Na upande wa pili ziwa nalo linapanda, sawa lilivyopanda wakati wa 1964, mwaka wa vita vya Mulele. Mwaka 2021 na tena 2024 liliingia ndani ya nyumba za mwambao.

Ndiyo maana kupanda miti kwa kujitolea kumepata maana ambayo Salongo ya chama haikuwa nayo. Mtu hapandi juu ya kuogopa faini. Anapanda juu anajua maji yatapita wapi.

Lakini kazi hii inapashwa kufuata majira, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Siku ya kupanda, mwanzoni mwa masika, watu wanafika wengi, wakubwa wanapigwa picha. Kazi yenyewe ni ile ya mbele na ya nyuma. Miche inaanzishwa miezi kadhaa mbele ya masika, ndani ya vifuko vya udongo, ikimwagiliwa asubuhi na jioni. Mara nyingi ni wamama wanaobeba maji hayo. Masika yote ni kupalilia. Halafu Juni inarudi, majani yanakauka, na wachungaji wanachoma mlima ili majani mapya yaote. Moto mmoja unamaliza kazi ya miaka mitatu. Kwa hiyo inafaa kufyeka njia pana ya kuzuia moto, na kuongea na wachungaji kabla, si baada. Mbuzi nao hawasomi kibao.

Kuna pia ubishi wa mti gani. Wengi wanapenda mikaratusi: inakua mbio, inatoa mbao. Lakini chini yake majani hayaoti vizuri, na udongo ulio wazi unaondoka na mvua. Kwenye mteremko mkali, mabingobingo yaliyopandwa kwa mistari yanashika udongo mbio zaidi, na mbuzi wanapata kitu cha kula bila kugusa miche.

Swali gumu ni lingine: mti uliopandwa na wote ni wa nani? Kiwanja kisicho na karatasi kinaweza kuuzwa kesho, na mnunuzi anaanza kwa kukata. Wanaojitolea wanajua kupanda na kupalilia. Karatasi za ardhi ziko mikononi mwa wengine. Penye makubaliano ya wazi na chefu na wenye mashamba, ya nani atakata nini na lini, kuna sababu ya kuendelea kubeba maji wakati wa kiangazi. Pasipo hayo, watu wanakuja siku ya kupanda tu, kisha wanarudi nyumbani.