Usitishaji wa matoleo ya zamani ya lugha za programu

Usitishaji wa toleo la zamani la lugha ya programu ni uamuzi wa watunzaji wa programu huria kwamba matoleo yao mapya hayatafanya kazi tena, au hayatajaribiwa tena, kwenye toleo fulani la lugha iliyotumika kuziandika. Programu zilizokwisha kusimikwa haziharibiki siku hiyo. Zinachokosa ni marekebisho ya kasoro na, jambo zito zaidi, viraka vya usalama. Katika Afrika Mashariki usitishaji umegusa pia mifumo ya taarifa za afya, ambayo hupokea takwimu za vituo vidogo kabisa, vikiwemo vya Kizuka na sehemu nyingine za Rumonge kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, nchini Burundi.

Sababu

Kila toleo la lugha linaloendelea kukubaliwa hudai majaribio yake, na msimbo hujaa vipande vinavyohudumia matoleo ya zamani. Maktaba za msimbo zinazotegemewa nazo huhama, na moja ikihama, zilizojengwa juu yake hulazimika kufuata. Toleo lenyewe la lugha likishaachwa na waundaji wake, tundu la usalama litakalogunduliwa baadaye hubaki wazi. Mzigo wa kutunza matoleo yote hubebwa na watu wachache, wengi wao bila malipo.

Python

Mfano unaojulikana kuliko yote ni kuachwa kwa Python 2. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikiwa imevunja makusudi upatanifu na ile iliyotangulia: amri ya kuchapisha ikawa kitendaji, 3 kugawanywa kwa 2 ikatoa 1.5 badala ya 1, na maandishi yakatenganishwa waziwazi na baiti. Badiliko la mwisho lilikuwa na manufaa makubwa kwa lugha zisizotumia alfabeti ya Kilatini tupu, lakini ndilo lililowatesa wahandisi zaidi. Mwisho wa Python 2.7 uliopangwa kuwa 2015 ulisogezwa hadi 2020. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na toleo la kufungia, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huohuo.

Miradi mikubwa haikusubiri siku hiyo. IPython iliacha Python 2 mwaka 2017, Django ikafuata kwa toleo la 2.0 mwezi Desemba 2017, na NumPy kwa toleo la 1.17 mwaka 2019. Kilichopunguza maumivu ni ufundi mdogo wenye busara: tangu toleo la 9 la pip, zana ya kusimika vifurushi vya Python, mwaka 2016, kifurushi huweza kutangaza matoleo ya lugha kinayoyakubali, na mtumiaji mwenye Python ya zamani hupewa toleo la mwisho linalomfaa badala ya lile litakalomvunjikia mikononi. pip yenyewe iliacha Python 2 kwa toleo la 21.0, Januari 2021.

Wimbi hilo lilifika pia kwenye zana zinazotumika Afrika Mashariki. Ona na KoBoToolbox, zana za kukusanya takwimu kwa simu, zote zilijengwa juu ya msimbo wa mradi wa formhub, ulioandikwa kwa Python na Django, na zote mbili zilihamia Python 3.

Java na DHIS2

DHIS2 ni programu huria ya taarifa za afya inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Kenya iliisambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaitumia, na kikundi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa miongoni mwa nguzo zake.

DHIS2 imeandikwa kwa Java. Kwa miaka mingi seva zake zilitumia Java 8, iliyotoka Machi 2014. Toleo la 2.35 la DHIS2 lilipendekeza Java 11 bila kuikataa Java 8. Toleo la 2.38, mwaka 2022, likaikataa; toleo la 2.41, mwaka 2024, likadai Java 17. Ngazi hizo ni za haki, kwa kuwa onyo lilitangulia katazo. Hata hivyo, watunzaji huhudumia matoleo matatu ya karibuni tu, na wizara inayochelewa hujikuta nje ya ulinzi ikiwa na taarifa za wagonjwa mkononi.

PHP

PHP 5.6, toleo la lugha inayotumika kuundia tovuti, nayo iliachwa mwishoni mwa 2018. WordPress, programu ya kuendesha tovuti, iliikubali hadi lilipotoka toleo la 6.3, Agosti 2023, lililoanza kudai PHP 7.0.

Mwambao wa Tanganyika

Katika mfumo wa Burundi kituo cha afya hujaza ripoti ya mwezi kwa karatasi, na ofisi ya wilaya ya afya huiingiza katika DHIS2. Karani wa Rumonge hahitaji Java kwenye kompyuta yake. Anahitaji kivinjari kisicho cha zamani mno na mtandao, ambao kwa nchi isiyo na bahari hupitia nyaya za majirani. Uamuzi wa kuhama Java ni wa wanaotunza seva ya taifa. Kwa karani usitishaji huonekana kama ukurasa uliobadilika sura, au uliogoma kufunguka.

Rumonge ni eneo la malaria na la milipuko ya kipindupindu ya mara kwa mara, ambako takwimu zikichelewa dawa nazo huchelewa. Kwa hiyo uhamisho wa seva unapaswa kujaribiwa kwanza kwenye nakala, na ofisi za wilaya zipewe taarifa mapema.

Hali ya sasa

Miradi mingi sasa hutangaza ratiba ya usitishaji miaka kadhaa kabla. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba na kulitunza kwa miaka 5. Toleo la 3.9 lilifikia mwisho wake Oktoba 2025.