Kungoja Diski Eastlands

Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ilikuwa bado chini ya hali ya hatari ya ukoloni, na mtaa wa Buruburu ulikuwa haujajengwa. Diski zilikawia miongo kadhaa kabla ya kuingia mitaani, na nyingi ziliingia zikiwa zimeshachakazwa na ofisi za Ulaya.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Sahani sharti ifikie mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, ili upepo wa mzunguko ukiinue kichwa cha kusomea kisiikwaruze. Kabla ya hapo diski haijibu chochote. Kanuni za ATA, kiwango cha kuunganisha diski na kompyuta, ziliiruhusu kompyuta kuisubiri hadi sekunde 31, na beringi zilizochakaa zilizimaliza karibu zote. Mteja wa saiba (mkahawa wa intaneti), akiona skrini nyeusi, alidhani mashine imekufa, akaizima na kuiwasha tena. Mzunguko ukaanza upya.

Mwaka 2000 ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana, na umeme ukatolewa kwa mgao. Kompyuta iliyozimika ghafla ilikuwa na adhabu ya pili: Windows 98 iliikagua diski kabla ya kufunguka. Muda huo wote ulikuwa hasara ya mwenye saiba, kwa kuwa mteja alilipia dakika alizotumia.

Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti iliongeza kasi, diski zikabaki zile zile. Kisha ikaja iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, foleni za saiba hurefuka, na stima ikipotea kwa dakika moja kila mtu huchelewa. Naona ni dhuluma kwa mwananchi kukaribia faini kwa sababu ya sahani inayozunguka polepole.

SSD, hifadhi ya chipu, haina sahani wala beringi, na huwa tayari mara moja. Mafundi wengi huipachika kwenye mashine kuukuu, na ningetaka kila shule inayopokea kompyuta za msaada ifanyiwe hivyo kwanza. Diski za kuzunguka hazijatoweka. Zimehamia kwenye mashine za kamera za usalama katika majumba ya mitaa ya Pipeline na Kayole, na stima inaporudi, kamera hazirekodi chochote hadi sahani ishike kasi.