Nguvu ya Farasi i Kwatoni

Tangu kale farasi amesifiwa na washairi kwa shingo iliyopinda, kwa singa zinazopeperuka na kwa mbio zisizoshikika. Aghalabu macho ya msifu huishia mgongoni penye tandiko, wala hayashuki chini. Lakini Sura ya 100 ya Qur'ani, Al-Aadiyat, imewaapa farasi waendao mbio kwa kutaja cheche zitokazo kwatoni mwao zinapogonga mawe. Huko chini ndiko nguvu ya mnyama huyu inakopimwa. Msikilizaji husikia kishindo cha mbio. Saisi, yule mtunzaji ambaye jina lake Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, huuliza kwanza: usiku wa jana farasi alilala pakavu au majimaji?

Swali hilo lina sababu. Ukwato ni kucha, na juu ya kucha nne husimama mnyama wa kilo 400 au 500. Katika mbio kali hupita nukta ambapo uzito huo wote hubebwa na mguu mmoja tu. Ukwato huota polepole, kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na hupita karibu mwaka mzima hata ukuta wake uteremke kutoka ukingo wa ngozi hadi nchani. Kosa la mwezi huu, basi, huja kuonekana miezi mingi baadaye, pengine aliyelitenda kesha lisahau.

Farasi wa nyikani hutembea mchana kutwa akitafuta malisho. Kinachoota hulika kwa mawe, na kinacholika huota tena. Mwanadamu alipomfuga alimfungia bandani, akamsimamisha juu ya samadi na mkojo wake, akamlisha nafaka nyingi na kumtembeza kidogo. Utunzaji wa kwato ni malipo ya deni hilo, na historia yake ni historia ya namna watu walivyolilipa au walivyojaribu kulikwepa.

Miongoni mwa walioandika mapema juu ya jambo hili ni Xenophon wa Athens, askari na mwanafunzi wa Sokrati, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Masihi. Katika risala yake juu ya upandaji farasi amemtaja mtangulizi wake Simon, aliyesema ya kwamba ukwato mzuri hujulikana kwa mlio: ulio mnene na wenye uvungu hulia kama toazi ukigonga ardhi. Ile nyama ngumu yenye umbo la kabari katikati ya wayo Wayunani waliiita kwa jina la ndege, mbayuwayu, ambaye mkia wake ni wa panda.

Zama hizo Wayunani hawakuwa na desturi ya kumvisha farasi kiatu cha chuma. Tegemeo la Xenophon lilikuwa ni sakafu. Banda lenye unyevu na utelezi, asema, huharibu hata kwato zilizozaliwa njema. Kwa hiyo liwe na mteremko wa kutolea maji, na litandazwe mawe yanayokaribiana ukubwa na kwato zenyewe. Nje, mahali farasi anaposuguliwa mwili, yamwagwe mawe ya mviringo ya kujaa kiganja, kila moja uzito wa mina moja, yaani chini kidogo ya nusu kilo. Farasi akisimama hapo na kupiga miguu kwa kusumbuliwa na nzi, huwa kama aliye safarini katika njia ya mawe. Kadhalika alikataza kuiosha miguu kwa maji kila siku, kwani maji huidhuru kwato. Alichokifanya bwana huyu ni kuileta nyika bandani.

Hekima hiyo ilifaa nchi kavu. Katika nchi za matope na mvua za Ulaya, ambako magari mazito yalikokotwa juu ya barabara ngumu, ukwato ulilika upesi kuliko ulivyoota. Warumi waliwafungia farasi na nyumbu aina ya makubadhi ya chuma. Wajapani, hadi karne ya 19, waliwavisha viatu vya majani ya mpunga, vilivyochakaa njiani na kubadilishwa. Hatimaye kiatu cha chuma cha kupigiliwa misumari kikaenea Ulaya katika karne zilizouzunguka mwaka 1000, na mhunzi akawa hana budi katika kila kijiji.

Katika nchi za Kiislamu elimu hii ilikuwa mikononi mwa baitari, mganga wa wanyama, ambaye jina lake lina asili ya neno la Kiyunani la tabibu wa farasi. Mjini Cairo, Abu Bakr al-Baytar, aliyefariki mwaka 1340, aliandika kitabu kikubwa cha tiba na malezi ya farasi kwa ajili ya Sultani al-Nasir Muhammad. Elimu yenyewe ilikuwa mali. Marco Polo amesimulia kwamba mfalme wa Maabar, pwani ya kusini mashariki ya Bara Hindi, alinunua zaidi ya farasi 2,000 kila mwaka, walioletwa kwa bahari kutoka Hurmuz, Dhofari, Shihiri na Adeni, na mwaka ukiisha hawakubaki hata 100. Farasi walilishwa vibaya, na kwa kuwa wafanyabiashara waliwazuia mabaitari wasivuke bahari, hapakuwa na wa kuwatibu. Huenda hesabu hiyo imetiwa chumvi. Lakini maana yake ni wazi. Farasi aliuzwa, na ujuzi wa kumweka hai ukafichwa, ili mwaka ujao auzwe mwingine.

Ama chuma nacho kilikuwa na siri yake. Mwingereza Bracy Clark (1771–1860), mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa chuo cha utabibu wa wanyama kilichoasisiwa London mwaka 1791, alichukua mfano wa plasta wa ukwato wa farasi jike ambaye hajapata kuvishwa kiatu, kisha akarudia miaka iliyofuata, baada ya kuvishwa. Mifano hiyo ilionyesha ukwato ukisinyaa na kubanana kisiginoni. Katika maandiko aliyoyachapisha kuanzia mwaka 1809 alieleza ya kuwa ukwato hai hutanuka kidogo kila unapokanyaga, na misumari huuzuia. Hata hivyo miji ya wakati ule haikuweza kuishi bila farasi wenye viatu. Yeye mwenyewe alibuni kiatu chenye bawaba ili kupatanisha haja mbili.

Mjadala huo haujaisha. Wapo wafugaji wanaovisha viatu, na wapo wanaowaacha farasi wao pekupeku. Lakini yapo ambayo pande zote mbili zinakubaliana. Ukwato upunguzwe na kusawazishwa kwa tupa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na mwenye kiatu avuliwe ili apunguzwe. Uchafu utolewe kwa kulabu kila siku, kwani ukikaa katika mifereji ya mbayuwayu, nyama hiyo huoza, ikawa nyeusi na kunuka. Nafaka ipimwe, shayiri ikizidi, tishu zinazoushika ukuta wa ukwato kwenye mfupa huvimba, na farasi hushindwa kusimama. Xenophon naye aliyajua maradhi yatokanayo na shayiri, akausia yatazamwe mapema. Vitamini iitwayo biotini yaweza kusaidia ukwato dhaifu, lakini baada ya miezi mingi, kwa kuwa sehemu iliyokwisha ota haiponi. Husubiriwa mpya iteremke.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Na kwa farasi ufa na ukuta ni kitu kimoja. Ndiyo maana saisi mwema huinama alfajiri, kabla ya tandiko na lijamu, akaunyanyua mguu mmoja mmoja, akachokora, akanusa, akaugusa kwa kiganja kusikiliza joto. Kazi hiyo haina msifu wake, na mbio zote zaanzia hapo.