Vijiji Vitano, Bonde Moja: Muungano wa Bregaglia na Swali la Ukubwa wa Manispaa

Ikisiri
Makala haya yanachunguza Bregaglia, manispaa ya mashambani kusini-mashariki mwa Uswisi iliyoundwa tarehe 1 Januari 2010 kwa kuunganisha Bondo, Castasegna, Soglio, Stampa na Vicosoprano. Hoja yake ni kwamba muungano huo haukuvunja jamii za zamani. Ulilirudishia bonde mamlaka ya pamoja lililokuwa nayo kwa karne nyingi, na uzito wake ulidhihirika mwaka 2017, mlima ulipoporomoka.

Utangulizi
Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno manispaa huona mji: soko, stendi ya mabasi, taa za barabarani. Uswisi ni tofauti. Huko manispaa ndiyo ngazi ya chini kabisa ya dola, na inaweza kuwa kijiji cha watu mia mbili chenye haki ya kutoza kodi na kupitisha bajeti yake katika mkutano wa wananchi. Hata uraia huanzia hapo. Kwa mujibu wa Ibara ya 37 ya Katiba ya Shirikisho, Mswisi ni raia wa manispaa na wa kantoni. Pasipoti yake hutaja manispaa ya asili, wala haitaji mahali alipozaliwa. Anayefuta manispaa, basi, hagusi mipaka tu, anagusa pia jibu la mtu akiulizwa kwao ni wapi.

Pamoja na hayo, manispaa zinapungua. Mwaka 1850 zilikuwa zaidi ya 3,200. Januari 2024 zilibaki 2,131. Vijiji vingi vimekosa watu wa kushika nyadhifa ambazo kwa kawaida hushikwa kwa muda wa ziada, baada ya kazi za kila siku, huku sheria za maji, ujenzi na huduma za jamii zikizidi kuwa ngumu. Swali la makala haya ni hili: muungano unapokuja, nini hupotea na nini huokolewa?

Bonde lililokuwa moja
Bregaglia inaanzia kwenye pito la Maloja, mita 1,815 juu ya usawa wa bahari, na kushuka hadi Castasegna mpakani mwa Italia, kwenye mita 700 hivi. Ndani ya takriban kilomita 20 msafiri anaacha misonobari ya milimani na kuingia kwenye mashamba ya miti ya chestnut. Eneo lake ni kilomita za mraba 251, na wakazi ni takriban 1,500 tu. Wao ni wachache mara mbili: wanazungumza Kiitaliano katika kantoni ya Graubünden yenye wasemaji wengi wa Kijerumani, na kwa mapokeo ni Waprotestanti, ilhali majirani zao wa Italia ni Wakatoliki.

Wanaouona muungano wa 2010 kama uvumbuzi wa watawala wa kisasa wanasahau historia. Katika Enzi za Kati bonde lilikuwa jumuiya moja, nayo iliingia katika Shirikisho la Nyumba ya Mungu, muungano wa kale wa jamii za eneo hilo, mwaka 1367. Baadaye liligawanyika sehemu mbili, Sopraporta na Sottoporta, yaani juu na chini ya lango la miamba lililo karibu na Promontogno, lakini jengo la mahakama, Pretorio, lingali linasimama Vicosoprano kama ushahidi wa mamlaka ya bonde zima. Manispaa za kijiji kimoja kimoja zilipata sura yake ya kisasa katika karne ya 19. Aliyelilia vijiji vitano kama mpangilio wa tangu na tangu alilia mpangilio ulio mchanga kuliko bonde lenyewe.

Ridhaa ndiyo msingi
Namna ya kuungana ina uzito sawa na kuungana kwenyewe. Katika kantoni ya Glarus, mkutano mkuu wa wananchi uliamua mwaka 2006, kwa kuinua mikono uwanjani, kwamba manispaa 25 ziwe tatu tu. Uamuzi ulikuwa halali na wa kidemokrasia, ila ulikuwa wa kantoni nzima. Bregaglia ilipita njia nyingine: wapigakura wa kila kijiji walitoa kauli yao wenyewe, na vyote vitano vikakubali. Majina ya vijiji yalibaki. Kilichounganishwa ni hazina, ofisi na dhamana.

Jaribio la mwaka 2017
Dhamana hiyo ilikuja kupimwa. Juu ya Bondo kuna Piz Cengalo, mlima ambao mwamba wake ulikwisha kuporomoka Desemba 2011. Mwaka uliofuata mafuriko ya tope na mawe yakateremka. Manispaa ikajenga beseni kubwa la kunasia kifusi na kuweka mitambo ya tahadhari. Tarehe 23 Agosti 2017 kiasi cha mita za ujazo milioni 3 za mwamba kiliporomoka. Watembea milimani wanane waliokuwa katika bonde dogo la Bondasca walifariki. Tope lilifika Bondo na kubomoa nyumba, lakini ving'ora vilikwisha kulia, wakazi wakahamishwa, na kijijini hakuna aliyepoteza maisha.

Bondo peke yake, yenye watu takriban 200, ingeubebaje mzigo huo? Meya wa bonde zima, Anna Giacometti, alisimama kuisemea mbele ya kantoni na taifa. Mwaka 2019 alichaguliwa kuingia Baraza la Taifa. Ni kweli kwamba wanane waliofariki wanatuachia swali zito kuhusu njia za milimani na maonyo, na swali hilo limefika hadi Mahakama ya Shirikisho. Muungano haufuti wajibu. Unaonyesha tu ni nani wa kuulizwa.

Mipaka ya muungano
Wala muungano haurudishi vijana waliokwenda kusoma na kufanya kazi Chur au Zürich. Bwawa la Albigna, lililokamilika mwaka 1959 kwa ajili ya umeme wa jiji la Zürich, linaleta ada ya maji, lakini ada haileti watoto shuleni. Kinachowezekana ni kutunza kilichopo. Mwaka 2015 Bregaglia ilipewa Tuzo ya Wakker kwa namna inavyojenga bila kuharibu urithi wake. Tuzo ilikwenda kwa bonde zima, ingawa kila nyumba iliyosifiwa ina kijiji chake.

Hitimisho
Mijadala ya kuunganisha manispaa huanzia kwenye akiba: faranga ngapi zitaokolewa, ofisi ngapi zitafungwa. Bregaglia inatufundisha kuanzia kwingine: ni mzigo gani mkubwa kuliko wote utakaoangukia kijiji kidogo kuliko vyote, na nani atausimamia akiwa anaifahamu njia ya kwenda huko? Bondo haimo tena katika orodha ya manispaa za Uswisi. Ving'ora vilipolia, hata hivyo, ilionywa na kuhamishwa na watu wa bonde lake lenyewe, si na ofisi ya mbali isiyoijua.